Binti form five kapata fildi ya maabara Scotland, nimruhusu?

Mama Tukuyu

Wadau habari za jioni. Naombeni ushauri maana hapa nyumbani tumegawanyika kweli. Binti yangu yuko form five PCB, ana miaka 17. Mwaka jana yeye na mwenzie walifanya projekti ya ugonjwa wa viazi, ule mabwana shamba wanauita bakajani chelewa, wakaionyesha kwenye mashindano ya shule na kuna mtafiti alikuwepo pale akawauliza maswali mengi, mwishowe akamwambia atume maombi ya fildi kwenye maabara ya viazi huko Dundee, Scotland. Katuma, kakubaliwa, wiki sita kuanzia mwezi wa sita. Tiketi na malazi wao, pasi na nauli ya kwenda Dar sisi.

Sasa baba yake anasema mtoto wa kike peke yake ng'ambo hapana. Bibi yake analia. Mjomba wake wa Makambako ndo kanivuruga zaidi, anasema huko ataoshea wazungu vyombo vya maabara atarudi hajajifunza kitu na form six inaanza mwezi wa saba. Mimi moyo wangu unataka aende ila nataka kujua, kuna aliyewahi kwenda akiwa na umri huo? Hasa hasa anafanya nini kutwa nzima? Na nitajuaje kama sio matapeli?

Binti wa Isyonje

Shikamoo mama. Mimi nilienda Uholanzi, mji unaitwa Wageningen, nikiwa na miaka 17, ile likizo ndefu ya kusubiri form five. Sasa hivi niko SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro. Nilikuwa maabara inayoshughulika na huohuo ugonjwa wa binti yako, kwa hiyo naweza kukwambia kutwa inaendaje.

Kuosha vyombo kupo mama, sikatai. Ila anaosha kila mtu, hadi daktari mwenye maabara unamkuta kwenye sinki, maana chombo kikiwa na uchafu wa jana majibu ya leo yote hayaaminiki. Mjomba asiwatishe na hilo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Asubuhi unachuma vijani vya viazi kwenye nyumba ya vioo, unavipanga kwenye trei juu ya tishu iliyoloweshwa, upande wa chini wa jani unatazama juu. Halafu unachukua maji yenye vimelea, unavihesabu kwanza kwa hadubini kwenye kile kioo chenye vijistari, ukipata kiwango chako ndo unadondosha tone moja moja kwa pipeti juu ya kila jani. Unafunika, unaweka kwenye chumba cha ubaridi kama nyuzi 15 hadi 18, unasubiri. Siku ya sita au ya saba unafungua unapima doa kwa rula, jani hili doa kubwa na lina unga mweupe pembeni, jani lile kimebaki kidoti tu cheusi yaani mmea umejikinga. Unaandika kwenye daftari la maabara, kila kitu, tarehe, aina ya kiazi, hata trei ilikaa rafu ya juu au ya chini. Siku ya kwanza niliona ni kazi ya kuchosha mno, mikono inatetemeka, na hakuna mtu anakusimamia kwa fimbo kama shuleni, unaachiwa.

Kuna kitu kimoja lakini kilinibadilisha kabisa. Kabla ya kudondosha, yale maji yenye vimelea tulikuwa tunayaweka kwenye friji kwa muda wa saa moja au mawili hivi. Nikauliza kwa nini tunaviweka kwenye ubaridi, havifi? Dada aliyekuwa ananifundisha akaniwekea kwenye hadubini nikaona mwenyewe, kila kimelea ni kama kifuko, kikipata ubaridi kinapasuka na kutoa vidudu vidogo vinaogelea, kifuko kimoja kinatoa kadhaa, kila kimoja kinaweza kuanzisha doa lake. Kwenye joto kifuko huwa kinaota kama kilivyo, kimoja kinabaki kimoja. Nilikaa pale kimya nikawaza shamba la baba kule Uporoto, mwezi wa tatu na wa nne ikipiga ile mvua ya baridi na ukungu usioisha hadi mchana, unalala shamba la kijani unaamka baada ya siku chache limeungua lote kama limepitiwa na moto, na wazee wanasema limepigwa na ukungu. Kumbe ubaridi na maji ndo vinavyovizalisha. Nilimpigia baba jioni ileile nikamwambia asisubiri kuona madoa ndo apige dawa, apige mvua inapoanza kukaa. Shuleni nilishasoma kwamba ugonjwa unapenda baridi, nilikariri nikafaulu, lakini kuona ni kitu kingine mama.

Kuhusu maisha, watu wanapanda baiskeli wote, saa nne usiku mwezi wa sita bado kuna mwanga, usingizi unasumbua mwanzoni. Upweke upo, hasa Jumapili. Nilikuwa naongea na nyumbani kila jioni, saa zinapishana moja tu na huko Scotland zitapishana mbili, haisumbui. Mwambie abebe sweta, ingawa mtoto wa Tukuyu baridi na mvua havitamshangaza.

Mdau Mafinga

Dada yangu, hilo la utapeli usilipite haraka haraka. Matapeli wa "fursa za nje" wapo wengi na wanapenda wazazi wenye hofu na matumaini kwa pamoja. Angalia barua pepe ya mwaliko inatoka kwenye anwani ya taasisi yenyewe au ni jimeili ya mtu binafsi. Usipige namba iliyoandikwa kwenye barua, ingia tovuti ya taasisi utafute namba yao mwenyewe, omba kuongea na huyo atakayemsimamia mtoto. Mtu akikuomba hela ya "kushikilia nafasi" kwa simu, achana naye hapohapo. Programu za maana za wanafunzi wa sekondari huwa hazifanyi hivyo, mfano ile RSI, programu ya utafiti ya pale chuo cha MIT Marekani, imeanza 1984 na mwanafunzi akichaguliwa hatozwi ada ya masomo wala malazi.

Halafu ana miaka 17, bado ni mtoto kisheria. Ulizeni kwa maandishi analala wapi, na nani, nani anampokea uwanja wa ndege, bima ya afya ni ipi. Wakikereka na maswali hayo basi mna jibu lenu. Pasi anzeni leo, ni 150,000, cheti cha kuzaliwa kiwe mkononi na wazazi wote mtatakiwa kuridhia. Visa ya Uingereza itabidi aende Dar kutoa alama za vidole, na Mbeya Dar ni zaidi ya kilomita 800, msiache hadi wiki ya mwisho.

Mwalimu Kemia, Iringa

Kamwene wote. Mama, nafundisha A level, naomba nizungumzie hilo la form six kwa sababu ndo wazazi wengi linawakwamisha.

Wiki sita kuanzia mwezi wa sita zinaingia mwezi wa saba, atakosa mwanzo wa muhula. Sio msiba. Ongea na mkuu wa shule sasa hivi, sio Mei, uombe ruhusa ya maandishi na maada zitakazofundishwa akiwa hayupo ili aende na notisi. Nakwambia kwa uzoefu, mwanafunzi aliyeshika pipeti kwa mikono yake na kurudia jaribio lililokataa, akirudi kwenye praktiko za NECTA anakuwa mtu mwingine. Shule zetu nyingi mtoto anaona titresheni mara chache kwa mwaka, kemikali hazitoshi, wanajipanga wanne kwa bureti moja, mmoja anafanya watatu wanaangalia. Hilo linaniuma sana mimi kama mwalimu. Na akisubiri amalize form six, mwezi huohuo wa sita anatakiwa JKT kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo asidhani mwakani ndo kutakuwa na nafasi.

Na Dundee sio mahali pa kubahatisha kwa viazi. Nje kidogo ya mji huo, Invergowrie, kuna James Hutton Institute wanaotunza mkusanyo wa viazi vya asili ulioanza na msafara wa Amerika Kusini wa 1939, vingine ni viazi pori visivyolika lakini vina vinasaba vya kuhimili bakajani. Ila kabla hajaenda apite TARI Uyole, kile kituo cha utafiti wa kilimo, ni karibu na nyinyi, aombe kuongea na watu wa viazi. Aende akijua wakulima wa Mbeya wanapanda mbegu gani na dawa wanapiga mara ngapi kwa msimu, hapo atakuwa na kitu cha kuwauliza wenyeji wake, na wao watamsikiliza.

Mzazi mwingine anayesoma hapa, mtoto wako aanzie na Young Scientists Tanzania, mashindano ya projekti za sayansi za shule, ipo tangu 2011, inapokea projekti za shule za kata pia, na washindi wamewahi kupelekwa hadi Dublin.

Mama Tukuyu

Asanteni sana jamani, nimewasomea wote hapa sebuleni. Baba yake aliposikia habari ya kile kifuko cha ubaridi ameniambia rudia kusoma, nimesoma mara mbili. Kasema tutapiga simu huko taasisi Jumatatu yeye mwenyewe aongee, akiridhika na mahali pa kulala basi. Bibi bado. Binti wa Isyonje, mjomba sasa amegeuka anasema abebe mbegu zetu za Kikondo na Arka kidogo awaonyeshe wazungu, inafaa?

Binti wa Isyonje

Hapana mama, asibebe kabisa. Mbegu ya viazi na udongo haviingii kule kwenye begi, vinazuiwa kwa sheria kwa sababu ya magonjwa, hata sisi huku kuna mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA. Hata viatu alivyoingia navyo shambani avioshe vizuri. Abebe picha za shamba, majani yaliyougua ayapige upande wa juu na wa chini na aandike tarehe na kijiji kwenye kila picha. Hizo watazigombania. Na bibi mpe namba yangu nakutumia inbox, nitaongea naye Kinyakyusa.

Mama Tukuyu

Ndaga fijo mwanangu. Nasubiri namba.