Tupeane uzoefu: Mashoto wenzangu, mnatembea na kisu gani chepesi cha mfukoni?

Mwenye Kitalu, Tukuyu

Habari za leo wadau. Mimi ni mashoto, kazi yangu ni kitalu cha miche ya parachichi, na kisu kinakaa mfukoni mwangu kutwa nzima. Nakata kamba za katani, nafungua viroba vya mbolea, nachana vifuko vya miche, na msimu wa kubebesha ukifika, yaani kuunganisha kikonyo (kijiti cha mti mzuri) kwenye shina la mche, ndio hakitoki mkononi kabisa. Naomba tuzungumzie visu vya kukunja ambavyo mtu wa kushoto anafungua, anatumia na kufunga kwa mkono wake huo huo mmoja, kwa sababu mkono wa pili umeshika mche.

Watu wengi wanaanza kuuliza uzito, na wana sababu. Kisu kikifika gramu 150 kinavuta suruali upande mmoja, na baada ya wiki kinabaki juu ya kabati. Lakini kwetu sisi loki inatangulia. Visu vingi vya kukunja madukani vina loki ya bati: bapa (ile sehemu yenye makali) likifunguka, ulimi wa bati ulio ndani ya mpini unaruka na kukaa nyuma yake ili lisirudi. Ulimi huo umewekwa usukumwe na gumba la kulia. Ukishika kwa kushoto, gumba lako linakuta upande ambao halina la kufanya. Inabidi uingize kidole cha shahada ndani ya mpini na kuusukuma ulimi, na kidole hicho kiko pale pale bapa linapopita likijifunga. Mikono ikiwa na udongo wa mvua, hapo ndipo watu wanapochanika.

Mimi natumia Spyderco Dragonfly, ya mpini wa plastiki ngumu. Ina gramu 34 hivi, bapa halifiki sentimita 6. Loki yake iko mgongoni mwa mpini, unaibonyeza kwa gumba na haijali ni gumba lipi. Bapa lina tundu la duara lililotoboka upande mpaka upande, kwa hiyo gumba la kushoto linaliinua sawa na la kulia. Klipu ya kukishikiza mfukoni inafunguliwa skrubu na kuhamishiwa upande wa pili. Nilitumiwa na ndugu aliye nje. Leteni zenu, hasa vinavyopatikana hapa hapa.

Fundi Umeme, Temeke

Mkuu umegusa penyewe. Hiyo loki ya bati nimeikimbia siku nyingi. Kinachosifiwa na mafundi wengi duniani ni Benchmade Bugout: gramu 52 tu na bapa la zaidi ya sentimita 8. Loki yake ni kipingili kinachokatiza mpini, vichwa vyake vimetokeza pande zote mbili, unakivuta nyuma kwa gumba na shahada na bapa linaachia. Bei yake lakini si ya fundi wa mtaani. Kampuni za China kama Ganzo zinatengeneza visu vyenye loki ya namna hiyo, vizito kuliko Bugout lakini vinafanya kazi, na ndicho ninachobeba. Cha mfukoni nakitumia kuchana maboksi, kukata tepu na kusafisha ncha za mabomba ya plastiki. Waya nina kisu chake chenye mpini wa kuzuia umeme, tusichanganye.

Ukienda Kariakoo usinunue kwa macho. Mwambie muuzaji akupe kisu, ukifungue na kukifunga kwa kushoto pale pale kaunta, mara kadhaa. Kikikulazimisha ugeuze kiwiko au uite mkono wa kulia, mrudishie. Na tazama klipu: kama matundu ya skrubu yako upande mmoja tu, kisu hicho kitakaa vibaya mfuko wa kushoto maisha yake yote.

Mzee wa Dema, Pemba

Assalaam aleikum. Mie napenda kisu cha mpini wa mbao, na Opinel namba 8 nilizawadiwa na mgeni Mfaransa. Chepesi mno, gramu 45 au karibu na hapo, na pale bapa linapoanzia pana pete ya chuma unaizungusha kufunga loki. Pete haina kulia wala kushoto. Kijishimo cha kutilia kucha ndicho kimechongwa kwa ajili ya wenzetu wa kulia, ila mwenyewe hukibana bapa kwa vidole viwili nikalivuta. Kampuni hiyo inatengeneza pia namba 8 ya mashoto, kijishimo kimehamishwa upande wa pili.

Lakini baharini hapana. Mbao ikinywa maji inavimba, inalibana bapa ndani, huwezi kulitoa kwa kucha. Dawa yake ni kugonga kitako cha mpini juu ya kitu kigumu, bapa likachungulia. Na ukinunua yenye chuma cha kaboni, chumvi inaila usiku mmoja. Chukua ya chuma kisichoshika kutu. Kwenye ngalawa sasa natembea na Spyderco ya Salt, chuma chake kimetengenezwa kwa maji ya chumvi na loki iko mgongoni kama hiyo ya bwana wa Tukuyu. Nikimaliza kukata nyuzi na chambo naisuuza kwa maji matamu, basi.

Dada wa Ghala, London

Hamjambo. Huku kabla ya mkono kuna sheria. Uingereza kisu cha kukunja unachoruhusiwa kutembea nacho bila kuulizwa sababu ni kile chenye bapa lisilozidi inchi 3, yaani sentimita 7.6, na kisicho na loki kabisa. Chenye loki, hata kiwe kidogo namna gani, polisi akikukuta nacho barabarani lazima uwe na sababu ya msingi, na "ni cha kujilinda" si sababu, ni kosa. Kwa hiyo zile loki nzuri mnazozitaja, kwangu zinabaki kazini.

Ninachobeba ni Spyderco ya UK Penknife. Bapa linashikwa na springi tu, tundu la duara lipo, klipu inahamishika, na haifiki gramu 50. Kwa kuwa haina loki, najifunza kutosukuma ncha: nakata kwa kuvuta, sichomi. Kwenye mkoba nina Victorinox Classic, kile kijisu cha milimita 58 chenye mkasi, gramu 21. Ndugu mnaosafiri, kisu kiende kwenye begi la chini ya ndege. Kikikutwa kwenye mkoba wa mkononi, unakiacha pale pale uwanjani.

Baba Pacha, Lubumbashi

Jambo kwenu wote. Huku kusini mwa Congo wengi tumekua na Okapi. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa makoloni ya Afrika, siku hizi kinatengenezwa Afrika Kusini. Si chepesi kama hivyo vyenu vya plastiki, lakini kwa mashoto kiko sawa: nyuma ya mpini kuna pete, unaivuta juu, springi inainuka, bapa linaachia. Pete iko katikati kabisa. Ubaya wake kinahitaji mikono miwili kufunga, na bapa linacheza kidogo likizeeka.

Mwanangu mmoja ni mashoto. Shuleni walimfunga mkono ili aandike kwa kulia. Nilikwenda nikaongea na mwalimu mpaka wakaacha. Nataka akiwa mkubwa apate kifaa kinachomfaa, ndiyo maana nasoma uzi huu mpaka mwisho.

Mche Mmoja, Muheza

Bwana Kitalu, hapo kwenye kubebesha nieleze vizuri. Mimi ni mashoto, nabebesha miembe, na mkato wangu unatoka na mbonyeo. Mwalimu wetu wa mafunzo alisema ni mkono wangu mbovu.

Mwenye Kitalu, Tukuyu

Mkono wako hauna kosa, ni kisu. Kitazame ukikielekeza kwenye mwanga: visu vya kubebeshea vingi vimenolewa upande mmoja tu, upande wa pili umenyooka kama rula. Ule ulionyooka ndio unatakiwa ulale juu ya kikonyo wakati wa kukata, ndio unaoongoza mkato utoke tambarare. Kwa mtu wa kulia inakaa hivyo yenyewe. Ukikishika kwa kushoto, upande ulionolewa ndio unalala kwenye kikonyo, bapa linataka kupanda juu, wewe unalikandamiza, na mkato unatoka na shimo katikati. Ukiunganisha na shina, ngozi ya kijani ya ndani haigusani vizuri, hewa inaingia, kikonyo kinanyauka chini ya nailoni. Halafu unaambiwa huwezi kazi.

Njia ni mbili. Tina ya Reutlingen, Ujerumani, wanatengeneza visu vya kubebeshea vya mashoto, vimenolewa upande wa pili, lakini ni ghali. Njia ya karibu ni kutumia kisu kilichonolewa pande zote mbili kwa usawa, bapa jembamba, makali ya kunyolea. Kijisu changu cha gramu 34 kinafanya hivyo kwa vikonyo vyembamba vya unene wa penseli. Mkato uwe wa sentimita 3 hadi 4, uvute mara moja bila kusimama, kisha uweke mkato wako juu ya mkato wa shina na uuelekeze kwenye jua. Mwanga ukipita katikati, kata tena.

Kisu cha upande mmoja ulichonacho usikigeuze makali kwa tupa, utaharibu chuma. Kiuze kwa mtu wa kulia. Na ukipata kile cha mashoto, unanoa upande ulionolewa tu kwenye kinoo cha maji, ule ulionyooka unaulaza flati na kuupitisha kidogo kuondoa vinyuzi vya chuma.

Wa Njombe na Kagera mko kimya, leteni vyenu. Na mwenye kujua duka la Mbeya au Iringa lenye visu vya loki ya mgongoni aweke hapa.