Detox ya siku 21: zimetoka kilo 6, zimerudi 8, halafu naambiwa sina nidhamu

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu nauandika na hasira zangu, nikiteleza mnivumilie. Na wale wa "ungeuliza kwanza humu kabla hujatoa hela", najua. Nimeshajisema vya kutosha.

Mwezi wa tatu mdogo wangu alitangaza harusi. Sare ya madada ilikuwa kitenge cha kubana, na mimi nilikuwa na kilo 91. Fundi alinipima kiuno, akarudia kupima, akaniangalia, akaandika. Hakusema neno, ila nilimwelewa. Usiku huohuo nikaingia kwenye kundi la WhatsApp la detox, yaani kutoa sumu mwilini ili upungue. Linki nilipewa na mwalimu mwenzangu, ambaye baadaye niligundua alikuwa anapata kamisheni kwa kila kichwa.

Kifurushi shilingi 120,000. Chai ya pakiti asubuhi na usiku, mchana juisi ya tango, limau na tangawizi, hakuna ugali, hakuna wali, hakuna chumvi. Ukizidiwa na njaa, kabichi ya kuchemsha. Kundini tulikuwa zaidi ya watu 200 na kila alfajiri mtu anarusha picha ya miguu yake juu ya mizani. Mwenye kundi anaitwa kocha. Kasomea nini, wapi, hakuna aliyewahi kuuliza, na mimi nikiwemo.

Siku ya tisa mizani ikasoma 85. Kilo sita! Nikapiga picha, nikarusha, nikaitwa malkia. Picha hiyo anaitumia mpaka leo kuvutia wateja, na inaniuma kuliko hiyo laki na ishirini.

Yasiyoonekana kwenye picha ni haya. Siku ya 11 niko Darasa la Saba nafundisha asilimia, tumbo likanikata swali likiwa nusu ubaoni. Nilitoka mbio na chaki mkononi. Watoto hawana huruma, nimeshapewa jina ambalo silitaji hapa. Siku ya 13 nikiwa nimesimama kwenye daladala, kizunguzungu, misuli ya miguu inakaza, moyo unadunda mara mbili kisha kama unasahau. Mama mmoja akanipisha kiti akidhani nina mimba. Nikamwandikia kocha. Jibu lake: "Hongera mpendwa, hizo ni sumu zinatoka."

Nikamuuliza, sumu gani? Nitajie moja tu kwa jina. Akaniwekea kopa jekundu.

Nilishuka kituo cha mbele nikaenda zahanati. Kulikuwa na nesi mtu mzima, nikampa shikamoo, nikamwonyesha pakiti. Hakusoma hata maandishi (hakukuwa na cha kusoma, imeandikwa "majani asilia 14" basi). Alimwaga kidogo kiganjani, akanusa, akacheka. "Mwanangu, humu si kuna sanamaki?"

Sanamaki! Bibi yangu alikuwa nayo kwenye kopo. Ukifunga choo siku tatu unapewa kikombe kimoja, na baada ya hapo hakuna anayekusogelea. Mimi nimeinywa mara mbili kwa siku, siku 13, kwa laki na ishirini.

Nesi alinieleza kitu kimoja ambacho kingeandikwa kwenye pakiti biashara ingekufa. Chakula kinafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Sanamaki inakoroga utumbo mpana. Mpaka inaanza kazi, nguvu ya ile chapati imeshaingia mwilini kitambo. Unachotoa ni maji, choo, na madini kama potasiamu, ambayo moyo na misuli haviwezi kufanya kazi vizuri bila hayo. Ndiyo maana ya miguu kukaza na moyo kuruka. Sumu yangu ilikuwa kwenye kikombe.

Sasa nifike kwenye aibu yangu mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa hisabati. Kilo moja ya mafuta ya mwili inabeba kama kalori 7,700. Kilo sita ni zaidi ya 46,000. Gawanya kwa siku tisa, unapata zaidi ya 5,000 kwa siku. Mtu wa umbo langu anayeshinda amesimama ubaoni anatumia kama 2,000. Ningefunga kavu siku zote tisa, bila hata hiyo kabichi, nisingefikisha kilo mbili na nusu za mafuta. Zile nyingine zote zilitoka wapi? Hesabu ya darasa la saba hiyo, na sikuipiga kwa sababu sikutaka kuipiga.

Jibu lake nimelipata baadaye. Mwili una sukari ya akiba kwenye ini na misuli, inaitwa glaikojeni, kama nusu kilo hivi. Kila gramu yake inashikana na gramu kama tatu za maji. Ukikata ugali na wali ghafla, akiba inaisha ndani ya siku chache na maji yake yanaondoka nayo. Hapo karibu kilo mbili zimekwenda. Ukikata chumvi, maji mengine yanatoka. Ongeza tumbo lililosafishwa na sanamaki. Mizani haijui tofauti ya mafuta na mkojo, yenyewe inasoma tu. Na sahani ya kwanza ya wali inarudisha akiba na maji yake. Kocha hakunipunguzia mwili. Kaniuzia maji yangu mwenyewe.

Kuhusu sumu, sikuwa wa kwanza kuuliza. Mwaka 2009 wanasayansi vijana wa Uingereza waliwafuata watengenezaji wa bidhaa 15 zilizoandikwa detox, wakawauliza neno hilo maana yake nini. Hakuna wawili waliotoa maana moja. Wakati huohuo ini langu liko kazini bila kuniomba kifurushi, na figo zinachuja kama lita 180 kwa siku bure.

Niliacha siku ile ya 13. Harusini kitenge kilipita kwa mbinde, tukacheza, picha zipo. Wiki saba baadaye, 93.

Nikarudi kundini nikaandika ukweli. Kocha akanijibu mbele ya watu wote: "Mpendwa, programu haijafeli, umefeli wewe. Huna nidhamu. Chukua kifurushi cha kulinda matokeo, 80,000." Nilipomuuliza tena jina la sumu, nikatolewa kundini.

Hapa ndipo damu inachemka, wakuu. Huu mtego umesukwa vizuri. Kilo zikishuka, sifa kwa chai. Zikipanda, lawama kwako, na tiba ya lawama ni chai nyingine. Mteja wa kweli aliyepungua akabaki amepungua hana faida kwao, haji tena. Na kuhusu nidhamu: kuna wale Wamarekani walioshindana kupungua kwenye runinga, The Biggest Loser. Watafiti waliwafuatilia 14 kati yao, na matokeo yakatoka 2016. Walikuwa wamepungua wastani wa kilo 58. Miaka sita baadaye 41 zilikuwa zimerudi, na miili yao ikitulia ilikuwa inaunguza kama kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa. Wale walifanya mazoezi mpaka wakatapika mbele ya kamera. Nao utawaambia hawana nidhamu?

Ujanja mwingine: ukiuliza usajili wa dawa, anasema hii ni chai tu. Ukilalamika chai haijafanya kitu, anasema ni tiba asili, inataka muda. Ikikuendesha vibaya, ni detox. Majina matatu, pakiti moja, na hakuna anuani ya kiwanda.

NYONGEZA, kwa sababu PM zimejaa:

Aliyesema yeye anatumia mwezi wa nne na yuko poa: dada, kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, kuharisha kwa muda kunaweza kuvizuia kufyonzwa. Muulize nesi kabla hujaniuliza mimi. Na kama chai yako inaua njaa kabisa, ogopa zaidi. Sibutramini, dawa ya kukata njaa, ilitolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi, na imekuwa ikikutwa imefichwa kwenye bidhaa za kupunguza mwili zilizoandikwa asilia.

Aliyeuliza "kwa hiyo kujinyima hakusaidii kabisa?" Sijasema hivyo. Uingereza kuna utafiti unaitwa DiRECT, wenye kisukari aina ya pili walikula supu na maziwa maalumu, kama kalori 850 kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano. Baada ya mwaka, asilimia 46 kisukari kilikuwa kimetulia bila dawa. Lakini walipimwa na wahudumu wa afya, chakula kilirudishwa kidogo kidogo, na waliendelea kufuatiliwa. Mimi nilifuatiliwa mpaka malipo yalipoingia.

Aliyeuliza sasa nafanya nini: hakuna cha kurusha kundini. Soda nimeacha, chai ya kazini bila sukari, ugali nusu ya ule wa zamani, maharage na mboga nimeongeza, nashuka vituo viwili kabla ya nyumbani. Miezi mitano, 89. Fundi hajagundua kitu.

Na mwisho, jana usiku imeingia meseji kwa namba ngeni. "Habari mpendwa, je unasumbuliwa na kitambi?" Picha iliyoambatanishwa ni miguu yangu mimi, mizani inasoma 85. Nimemjibu naagiza vifurushi viwili, akinitajia sumu moja tu kwa jina. Tiki zimekuwa bluu saa tatu na dakika kumi. Mpaka sasa naona "anaandika", inapotea, inarudi.