MREJESHO: Mbwa wangu wa kuchungia aliyenyonyoka manyoya

Wakuu, mtakumbuka niliuliza kuhusu Simba, mbwa anayeshinda na mbuzi wetu huku Bahi. Alikuwa anajikuna usiku kucha, kingo za masikio na viwiko vimeota magamba. Wengine mlisema nimpake oili chafu ya injini. Kusema kweli nilishampaka mara moja kabla ya kuuliza, na bado inaniuma: aliilamba, akatapika siku nzima. Msipake jamani, ile ni sumu.

Daktari wa mifugo alikwangua ngozi, akaangalia kwenye hadubini: utitiri wa upele, yaani vijidudu vidogo vinavyoishi kwenye ngozi. Alimpima uzito kwanza, ndipo akamchoma sindano ya aivamektini, akairudia baada ya siku 14, kisha tena. Dawa ni ileile ya ng'ombe, lakini ni kali, kwa hiyo usimkadirie mbwa kwa macho. Magunia anayolalia tulichoma, na mbwa wengine wawili nao wakatibiwa, maana upele huo unaambukiza. Hata mwanangu aliyekuwa na vipele mikononi amepona.

Sasa manyoya yameota, na jana Simba ametoka na mbuzi tangu alfajiri. Asanteni sana mlionisukuma niende kwa daktari.