Decimate: ni moja kati ya kumi, au kuteketeza?

Nimeandika ripoti ya Kiingereza kuhusu panya walioingia stoo ya vitabu: "the rats decimated the collection." Mhariri wangu kalikata neno kwa wino mwekundu, eti ni sehemu moja ya kumi tu. Jamani, vilivyosalia havijazi hata rafu moja! Nani mkweli?

— Mhariri anashika asili. Kilatini decimus ni "ya kumi". Kikosi cha Kirumi kikikimbia vita, askari walipigiwa kura, na katika kila kumi mmoja aliuawa, tena kwa mikono ya wenzake. Crassus, jemadari wa Kirumi, aliitoa adhabu hiyo wakati wa vita na Spartacus, kiongozi wa watumwa walioasi.

— Sawa mwalimu, lakini hata December kwa asili maana yake ni mwezi wa kumi, na leo ni wa kumi na mbili, mbona hatuirudishi nyuma? Kamusi za leo zinakubali "kuharibu sehemu kubwa". Kinachoniudhi mimi ni "totally decimated". Hapo neno limekwishapotea njia.

— Asanteni. Nimeweka "destroyed most of". Mhariri katulia. Panya bado.