Picha za retina: isome kompyuta au daktari?

mdau_makorora: Wakuu shikamooni, bi mkubwa ana kisukari, jana kapigwa picha ya ndani ya jicho mashine ikasema freshi, ila yeye tangu juzi anaona kama nzi weusi wanapita mbele, sasa niiamini mashine au nitafute daktari?

chumbageni1: Daktari, leo leo! Programu nyingi zimefundishwa kusaka kitu kimoja tu, madhara ya kisukari, retina (ule utando wa nyuma ya jicho) ikichanika haina habari. Programu moja, IDx-DR, iliyopitishwa Marekani 2018, kwenye majaribio ilikamata kama 87 kwa kila wagonjwa 100 wenye madhara hayo, si haba, ila wale 13 je?

nesi_raskazone: Mie nimezipiga sana hizo picha. Mtu akiwa na mtoto wa jicho au mboni haijapanuka inatoka ukungu mtupu, mashine inaikataa, Thailand walipojaribu programu ya Google zaidi ya moja ya tano ya picha zilikataliwa. Daktari akiikodolea hiyohiyo anaweza kuokota kitu, japo akifika ya mia jioni naye hoi, mashine haichoki. Alitiwa matone ya kupanua mboni kwanza?

mdau_makorora: Hata tone moja. Natafuta bajaji sasa hivi.