Watoto wameondoka, nyumba ya vyumba vitano nimebaki mwenyewe: niuze, nipangishe au nikae? Tupeane uzoefu

Bi Mkubwa wa Segerea
Wapendwa habari zenu. Nimestaafu ualimu, mume wangu alishatangulia, watoto watatu kila mtu na maisha yake, Dodoma, Mwanza na mmoja Canada. Nyumba iko Tabata Segerea, tuliijenga kidogo kidogo miaka kumi na moja, bati zilitoka kwenye hela ya kusahihisha mitihani. Sasa kila siku saa moja jioni nazunguka kuwasha taa chumba kwa chumba ili watu wasijue niko mwenyewe, saa nne nazunguka tena kuzima, luku ya umeme inaliwa na vyumba ambavyo halali mtu. Wa Canada anasema mama uza, nunua ya vyumba viwili Kibaha, chenji weka benki. Wa Mwanza hataki hata kusikia. Mliopitia haya mlifanyaje?

Fundi Mstaafu
Mi sikuuza, niliigawa. Mlango wa koridoni nikauziba kwa tofali, upande wa nyuma ukapata vyumba viwili, choo chake na mlango wake wa nje, mpangaji analipa miezi sita sita. Nilipokosea ni kushea luku, yeye ana friji, pasi na jiko la umeme, mimi taa na redio, halafu eti tugawane nusu kwa nusu, kila wiki kelele. Omba mita ya pili kabla hujaingiza mtu.

Mpare Mbishi
Shikamoo mama. Wazee wangu waliuza ya Dar wakarudi kwetu Same milimani. Hewa safi sawa, ila kliniki ya presha mpaka washuke mjini na mvua ikinyesha bodaboda hazipandi. Halafu mstaafu kijijini kila msiba yuko kamati ya fedha, si wanajua kachukua kiinua mgongo. Mwaka na nusu wakashuka kupanga vyumba viwili mjini. Wangepangisha ile ya Dar kwanza wakajaribu, saa hizi wangekuwa na pa kurudia.

kimya_kingi
Kwetu mimi ndo nilikuwa yule mtoto aliyesema uza. Baba akakubali bila kubisha, na hapo ndo ningeshtuka maana mzee wangu hajawahi kukubali kitu bila kubisha. Nikamleta kwangu ghorofa ya tatu, chumba chake, TV yake, dada wa kumpikia. Siku moja kama mwezi wa pili hivi nikapigiwa na aliyenunua nyumba, mtu muungwana kweli, ananiambia kaka njoo umchukue mzee, yuko hapa tangu asubuhi anafagia majani ya mwembe. Kumbe alipanda daladala mbili peke yake na ufagio wa chelewa kaununua njiani. Sina ushauri mama, nimesimulia tu.

mjumbe_wa_zamani
Dah @kimya_kingi.
Mama, hati ina jina la nani? Kama bado ni la marehemu huna cha kuuza kwanza, mnaanza na kikao cha ukoo, mnafungua mirathi mahakamani, anateuliwa msimamizi, ndo mnaenda ardhi kubadilisha jina. Na ukija kuuza, TRA (watu wa kodi) wana 10% ya faida, na faida inapigwa baada ya kutoa gharama zako, kwa hiyo zile risiti za bati na nondo usiwashie jiko.

pweza_mkavu
Huyo wa Canada muulize akija likizo atalala benki?

Bi Mkubwa wa Segerea
Asanteni sana, ya mzee na ufagio imenitoa machozi. Hati ni ya marehemu, kwa hiyo mirathi tutaanza nayo, niuze nisiuze. Fundi kaja jana kuangalia koridoni, anasema kuziba mlango ni kazi ya siku moja. Nikampigia wa Canada kumwambia chumba chake ndo kinaangukia upande wa mpangaji. Akakaa kimya weee, halafu akaniuliza, "Sasa mama, kitanda changu kinaenda wapi?"