Mhadhara wa dakika 52 na klipu zisizojitosheleza: nikate wapi, na nibadilishe nini kwa kila mtandao?

Mrekodi wa Mihadhara aliuliza:

Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikirekodi mihadhara ya daktari anayewafundisha watu wa kawaida kuhusu shinikizo la damu na kisukari. Kila mhadhara huchukua kati ya dakika 45 na saa moja, nami huupakia YouTube ukiwa mzima. Wanaoutazama hadi mwisho ni wachache mno, ilhali ninaamini kwa dhati kwamba yanayosemwa humo yangewafaa watu wengi zaidi. Ndiyo maana nimeamua kukata vipande vifupi kwa ajili ya TikTok, Instagram, YouTube Shorts na Status ya WhatsApp.

Jaribio la kwanza halikufanikiwa. Nilitumia programu inayochagua na kukata yenyewe, ikanirudishia klipu 14 kutoka katika mhadhara wa dakika 52. Klipu tano zilianza kwa maneno "kwa hiyo" au "kama nilivyosema", kana kwamba mtazamaji alikuwa ameketi ukumbini tangu mwanzo. Katika nyingine mbili daktari alikuwa akieleza mchoro wa mishipa ya damu, lakini mchoro wenyewe ulikuwa umeachwa nje ya fremu. Iliyonitisha zaidi ni ile ambamo daktari anasikika akisema, "Ukishajisikia nafuu, unaweza kuacha dawa za presha," kisha klipu inakwisha. Katika mhadhara, sentensi hiyo ilitanguliwa na maneno "Kuna watu watakaokwambia", na ikafuatwa na maelezo ya kwa nini kufanya hivyo ni hatari. Nashukuru kwamba niliitazama kabla ya kuipakia.

Naomba kujua mambo mawili: nitachaguaje sehemu zinazoweza kusimama zenyewe, na je, faili moja linatosha kwa mitandao yote?

Mhariri wa Maandishi alijibu:

Ndugu Mrekodi, klipu hiyo ya dawa inaonyesha kiini cha tatizo. Programu nyingi za aina hiyo hutafuta sentensi yenye mvuto, na katika mhadhara wa afya sentensi yenye mvuto mara nyingi ndiyo ile ambayo mzungumzaji ameitaja ili aikanushe. Kwa hiyo kazi ya kuchagua usiiachie mashine. Iache ifanye kazi ya kuandika.

Mimi huanza na maandishi kabla sijagusa picha. Programu ya Whisper, ambayo kampuni ya OpenAI iliitoa mwaka 2022 na ambayo unaweza kuiendesha kwenye kompyuta yako bila malipo, hugeuza sauti kuwa maandishi yenye muda wa kila sentensi, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha inazozitambua. Hukosea, hasa katika majina ya dawa na pale watu wanapozungumza kwa pamoja, hivyo ni lazima uyapitie maandishi yote na kuyasahihisha. Kazi hiyo haipotei, kwa sababu maandishi hayo hayo ndiyo utakayoyatumia baadaye kuwa manukuu ya klipu, yaani maneno yanayosemwa yakiandikwa kwenye skrini.

Ukiwa na maandishi mkononi, soma mhadhara kama unavyosoma makala, huku ukitafuta mahali ambapo swali limeulizwa na kujibiwa. Swali linaweza kuwa halikutamkwa: daktari anapoeleza kwa nini chumvi hupandisha shinikizo la damu, swali limo ndani ya maelezo. Weka alama pale wazo linapoanza na pale linapofungwa, kisha nakili sehemu hiyo peke yake na umpe mtu ambaye hakuhudhuria aisome. Akikuuliza "anamzungumzia nani?" au "hilo ni lipi?", sehemu hiyo bado haijajitosheleza. Mara nyingi suluhisho ni dogo: ondoa "kwa hiyo" ya mwanzoni, au rudi nyuma sentensi mbili ili jina la jambo linalozungumziwa lisikike.

Kuna mtindo wa kulichukua neno zito la mwishoni na kuliweka mwanzoni ili mtazamaji asipite. Katika mapishi au michezo sioni ubaya wake, lakini katika masuala ya tiba siukubali, kwa sababu wengi huondoka baada ya sekunde chache na hilo neno la kwanza ndilo watakalobaki nalo. Vilevile, usiunganishe sentensi ya dakika ya 8 na ya dakika ya 40 kana kwamba zilisemwa kwa mfululizo, hata kama zinapatana. Na usijiwekee idadi: saa moja ya mhadhara ikikupa klipu nne zilizo kamili, umevuna vizuri.

Fundi wa Picha alijibu:

Naungana na aliyetangulia, nami niongeze upande wa picha, kwa sababu hapo ndipo mchoro wako ulipopotelea.

Kamera hurekodi picha ya mlalo yenye uwiano wa 16 kwa 9, ilhali TikTok, Reels (video fupi za Instagram) na Shorts zimejengwa kwa picha ya wima ya 9 kwa 16. Ukikata ukanda wa wima kutoka katika picha ya pikseli 1920 kwa 1080, unapata upana wa pikseli 608 hivi, yaani chini ya theluthi moja ya picha yote. Ukanda huo ukivutwa hadi 1080 kwa 1920, sura hupoteza ukali. Ukirekodi kwa 4K, yaani 3840 kwa 2160, ukanda huo unakuwa wa 1215 kwa 2160, na unaupunguza badala ya kuuvuta. Kwa mihadhara ijayo, hilo peke yake litakusaidia kuliko programu yoyote.

Kuhusu mchoro, usijaribu kumweka daktari na ubao katika ukanda mmoja mwembamba. Gawa skrini: juu weka picha nzima ya mlalo, ambayo kwa upana wa 1080 huchukua kimo cha pikseli 608 hivi, kisha chini yake weka uso wa daktari, ambao hubakiwa na 1312. Daktari anapomaliza kueleza mchoro, rudi kwenye uso wake peke yake.

Manukuu yaweke katikati au chini kidogo ya katikati. Ukingo wa kulia hufunikwa na vitufe vya kupenda na kushiriki, na sehemu ya chini hufunikwa na jina la akaunti pamoja na maelezo. Nimeona klipu nzuri ambazo nusu ya maandishi yake hayakusomeka kwa sababu hiyo tu.

Mambo mawili ya faili. Kata kutoka katika rekodi ya asili, si kutoka katika video uliyoipakua tena, kwa kuwa kila mtandao huibana video upya na kasoro hujilimbikiza. Pili, ukitumia ffmpeg, programu ya bure ya kukata video, kwa amri ya kunakili bila kusimba upya (yaani bila kuitengeneza video upya), kumbuka kwamba picha haiwezi kuanza popote unapotaka. Huanzia kwenye fremu kamili iliyo karibu, yaani picha iliyohifadhiwa nzima, ambayo inaweza kuwa sekunde kadhaa kabla. Ili upate mkato wa neno kwa neno, kubali kusimba upya.

Msimamizi wa Akaunti alijibu:

Swali la pili la ndugu Mrekodi bado halijajibiwa. Faili moja la wima la 1080 kwa 1920 linatosha kwa mitandao ile mitatu mikubwa, alimradi usilipakue kutoka TikTok likiwa na nembo yake na kulipeleka Instagram. Tangu mwaka 2021 Instagram imesema wazi kwamba Reels zenye nembo za programu nyingine hazitapendekezwa sana. Hifadhi nakala safi, na kila mtandao upewe hiyo.

Urefu nao umebadilika sana. Reels zilianza mwaka 2020 kwa sekunde 15, na Januari 2025 zikafika dakika tatu. Shorts zilikuwa na mwisho wa sekunde 60 hadi tarehe 15 Oktoba 2024, ziliporuhusiwa kufika dakika tatu. X (zamani Twitter) humpa mtumiaji asiyelipa sekunde 140. Status ya WhatsApp ilikaa miaka mingi kwenye sekunde 30 kabla ya kuongezwa, na mwenye simu yenye programu ya zamani huenda bado ana kikomo kifupi. Kwa hiyo ningetengeneza matoleo mawili: la hadi dakika tatu kwa maelezo yanayohitaji nafasi, na lisilozidi sekunde 30 kwa ajili ya Status, lenye herufi kubwa zaidi kwa kuwa WhatsApp huibana sana video.

Kwenye Shorts, viungo ulivyoandika katika maelezo havibonyezeki tangu mwishoni mwa Agosti 2023. Tumia kipengele cha "video husika" (Related video) unapopakia, ili anayetaka mhadhara mzima aufikie. Na kama kuna muziki ukumbini, uondoe: Short inayozidi dakika moja ikidaiwa kupitia Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua kazi zenye hakimiliki, huzuiwa kabisa.

Mrekodi wa Mihadhara aliandika:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimesoma maandishi ya mhadhara ule wote, nikapata sehemu tano zilizosimama vizuri, na ile ya mishipa nimeigawa skrini kama nilivyoelekezwa. Sasa inaeleweka hata bila sauti. Imebaki ile ya kuacha dawa. Ikiwa kamili, pamoja na kanusho, ni dakika mbili na sekunde kumi. Inaingia kwenye mitandao mitatu, lakini si kwenye Status. Niifupishe?

Mhariri wa Maandishi alijibu:

Usiifupishe. Kwa Status, iache kabisa ile kauli potofu na utafute mahali daktari anapotoa agizo lenyewe kwa maneno yake, kwa mfano kwamba mgonjwa asiache dawa kabla ya kuzungumza na anayemtibu. Agizo hilo linajitosheleza bila kuhitaji kosa analolisahihisha. Katika toleo la dakika mbili, andika "Dhana isiyo sahihi" kwa herufi kubwa juu ya skrini kwa muda wote ambao kauli ile inatamkwa, tena iwe ndani ya picha yenyewe na si katika manukuu yanayoweza kuzimwa, ili hata mtu atakayeikata tena klipu yako mahali pale pale ilipokatwa na programu aondoke na onyo hilo.